Do ni D

Aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa Tanzania anayajua yale maandishi yanayokaa juu ya karatasi ya nota: Do ni G. Do ni F. Do ni B flati. Mwalimu anayatazama, anagusa kinanda, anaimba do-mi-so-do, kila sauti inachukua nota yake ya kuanzia, na tangu hapo ile herufi haina kazi tena. Wanabaki do, re, mi peke yao. Nimeimba hivyo tangu Shule ya Jumapili, na nimefundisha kwaya hivyo kwa miaka mingi usharikani kwetu, Moshi. Sijaona njia nyingine inayoweza kumchukua mama anayeuza ndizi sokoni, ambaye hajawahi kuiona ile mistari mitano, na kumfikisha mahali pa kusoma sauti ya pili ndani ya msimu mmoja.

Njia hiyo, inayoitwa solfa, ilitoka Uingereza. Sarah Glover wa Norwich ndiye aliyeibuni, mchungaji John Curwen akaichukua katika karne ya 19, akairekebisha na kuieneza, na wamisionari wakaja nayo Afrika. Ilichapika kwa herufi za kawaida na ilifundishika hata pasipo na kinanda. Ndani yake ngazi zote za meja ni ngazi moja: hatua nzima mbili, nusu hatua, hatua nzima tatu, nusu hatua. Mi na fa zimekaribiana, ti na do zimekaribiana, basi. Uanzie C au uanzie F shapu, yaani F iliyopandishwa nusu hatua, mwanakwaya haoni tofauti.

Lakini tofauti ipo. Mimi niliionea kwenye ufunguo mmoja, yaani herufi moja inayokaliwa na do, D meja, na aliyenionyesha wa kwanza hakuwa mwimbaji.

Ilikuwa fidla. Nilianza kujifunza fidla nikiwa mtu mzima tayari, nikiwa na kwaya yangu tayari, na mwalimu wangu hakunianzishia C kama wapiga kinanda wanavyoanza. Alinianzishia D. Fidla ina nyuzi nne: G, D, A na E. Ukipiga uzi wa D bila kuweka kidole, hiyo ndiyo do. Kidole cha kwanza kinatoa E, cha pili kinasogea mbele kikagusana na cha tatu, hapo una F shapu na G. Halafu unahamia uzi wa A, nao unaupiga wazi, na vidole vinarudia mpangilio uleule bila kubadilisha chochote: B, C shapu, D. Ngazi ya D meja imekatika katikati ikawa vipande viwili vinavyofanana, na kila kipande kimepata uzi wake. Nilikuwa nimeimba do-re-mi-fa na so-la-ti-do maelfu ya mara bila kung'amua kwamba hivyo ni vipande pacha. Vidole vikaniambia.

Siku moja mwalimu akaniambia niweke kidole cha tatu kwenye uzi wa A, nipige D ya juu, kisha niutazame uzi wa jirani. Nikapiga. Uzi wa D, ambao upinde haukuugusa, ulikuwa unatikisika. Ukiutazama kwa ubavu unauona umetanuka kama una ukungu. Akasema nisogeze kidole kidogo tu, nywele mbili tatu, nipige tena. Uzi ukatulia, na sauti ikapoa. Nikarudisha kidole mahali pake, ukaanza tena kutikisika. Nilikaa na jambo lile jioni nzima. G nayo inauamsha uzi wa G, A inauamsha wa A, E inauamsha wa E. Nota nne kati ya saba za D meja zina uzi wazi unaozisubiri, na ndiyo maana fidla ikipigwa kwa ufunguo huo inalia kwa mwili wake wote. Jaribu D flati meja, yaani do ikiwa D iliyoshushwa nusu hatua, kwenye fidla hiyohiyo: nyuzi zote nne zinakaa kimya kwa sababu hakuna nota hata moja inayoziita. Wimbo ni uleule, lakini sauti imevaa nguo nyingine.

Kwa mtu wa solfa hilo lilikuwa jambo zito. Lilimaanisha kwamba ile herufi ya juu ya karatasi ina uhai wake, ila uhai huo hauonekani mpaka ujue ni nani anapiga.

Kuanzia hapo nikaanza kuuliza D imetoka wapi kwenye nyimbo tunazoimba. Kwaya nyingi za kwetu huimba Haleluya ya Handel wakati wa Krismasi au Pasaka, na karatasi yake huandikwa Do ni D. Nilikuwa nikiimba hivyo bila kujiuliza. Mtunzi huyo aliandika oratorio nzima ya Masihi, yaani kazi ndefu ya kwaya, waimbaji na vyombo, jijini London mwaka 1741, kuanzia Agosti 22 mpaka Septemba 14, na ikaimbwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 13, 1742, kusaidia hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Ndani ya kazi hiyo ndefu, tarumbeta zinaingia mara chache sana: malaika wanapomtukuza Mungu usiku wa Krismasi, kwenye Haleluya, kwenye wimbo wa besi kuhusu parapanda ya siku ya mwisho, na mwishoni kabisa. Mara zote hizo ufunguo ni D meja.

Sababu ni bomba. Tarumbeta ya wakati ule haikuwa na vali, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole. Lilikuwa bomba la shaba lililokunjwa, ambalo ukilinyoosha linapita mita mbili, na mpigaji alikuwa na midomo na pumzi tu. Bomba la namna hiyo linatoa nota zake lenyewe, nyingine halitoi. Chini kabisa nota zimeachana sana, D, kisha A, kisha D tena. Ni huko juu tu ndiko zinakosogeleana zikawa ngazi ya kuimbika. Tarumbeta za D na za C ndizo zilizozoeleka, na ngoma mbili za shaba zilizofuatana nazo zilikazwa kwa nota mbili tu, do na so, yaani D na A. Chukua mtunzi anayetaka tarumbeta za D, chukua na fidla ambazo D ndiyo nyumbani kwake, na ufunguo umeshachaguliwa kabla hajaandika nota ya kwanza.

Wapo walioandika kwamba furaha imo ndani ya D yenyewe. Marc-Antoine Charpentier wa Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 17, aliorodhesha funguo na tabia zake, na D meja akaiita ya furaha na ya kivita. Mjerumani Schubart, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1806 baada ya yeye kufariki, aliiita sauti ya ushindi na ya haleluya. Nawaheshimu, na nadhani masikio yao hayakuwadanganya. Walichokisikia ni tarumbeta, ngoma na nyuzi wazi, mwaka baada ya mwaka, kanisani na ikulu, mpaka D na ushindi vikashikana akilini mwao. Katika muziki wa Kiarabu, uliolea taarabu ya Unguja, D hiyohiyo ndiyo makao ya kawaida ya bayati, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za nota za Kiarabu, na nota inayofuata juu yake si E wala E flati bali iko katikati yao. Mpiga fidla anaweza kukaa juu ya uzi uleule wa D akakutoa machozi ya mapenzi. D haina deni la kumfurahisha mtu.

Mafunzo makubwa zaidi niliyapata tulipoamua kuiimba Haleluya Pasaka pamoja na kikundi cha matarumbeta. Kwa wasioijua Kilimanjaro, matarumbeta ni sehemu ya Ulutheri wa huku. Wamisionari wa Leipzig walifika mlimani mwaka 1893, na Walutheri wa Kijerumani wana desturi ya kwaya za vyombo vya shaba zinazopiga tenzi kwa sauti nne. Usharikani kwetu wazee waliwafundisha vijana, vijana wakawa wazee, na mpaka leo msiba au sikukuu bila matarumbeta huonekana imepungua kitu.

Nikawapelekea karatasi. Mzee anayewaongoza akaitazama, akaikunja.

"Mwalimu, sisi vyombo vyetu vinakaa B flati na E flati. Hiyo D unatutaabisha."

"Mzee wangu, si ndiyo ufunguo wa tarumbeta huu? Handel aliuandika kwa ajili yenu."

"Sio hizi zetu."

Alikuwa na haki kabisa. Vali zilikuja mwanzoni mwa karne ya 19, na tarumbeta iliyozoeleka leo imejengwa juu ya B flati. Ukiipuliza bila kubonyeza kitu, inakupa do na so za B flati. Ngazi ya E flati nayo ni nyepesi, nota tatu kati ya saba zinatoka bila kidole. Sasa panda ngazi ya D kwa chombo hicho: kidole cha kwanza na cha pili, kisha cha pili, kisha cha pili na cha tatu, kisha cha kwanza na cha pili tena, cha pili, cha kwanza na cha pili, cha pili. Mpaka ufike D ya juu ndipo unaachia vali zote. Ufunguo uliokuwa kitanda cha tarumbeta wakati wa Handel umekuwa mlima kwa tarumbeta za leo, na wimbo ni uleule, na jina la chombo ni lilelile.

Pendekezo la mzee lilikuwa tupandishe nusu hatua, tuimbe E flati. Mpiga kinanda wetu akakubali haraka, kwa sababu yeye hupiga karibu kila kitu kwa C na kubonyeza kitufe cha kuhamisha. Kwake E flati na D ni tofauti ya kubonyeza mara moja. Simlaumu, kitufe kile kimeokoa ibada nyingi. Lakini kuna koo za watu. Kwenye Haleluya kuna pale sauti ya kwanza inaposhika nota ndefu ya Mfalme wa wafalme, chini yao wengine wakirudia milele na milele, na nota ile inapanda: D, E, F shapu, mpaka G ya juu, na kila inapopanda inashikiliwa. Mabinti wangu wa sauti ya kwanza wanafika G wakiwa wazima, ila hawana akiba. Kuwapeleka A flati ni kuwaomba wapige kelele.

Hapo ndipo nilipoanza kuzisikiliza sauti kwa herufi zake badala ya do na mi. Mwanamume wa sauti ya tatu ana mahali ambapo sauti ya kifua inaanza kukataa na ya kichwa haijashika bado, na kwa wengi ni pale pale kati ya D na G iliyo juu ya C ya katikati. Kwa D meja, do yake ya juu inaangukia mwanzo wa eneo hilo, na mi yake, F shapu, iko ndani kabisa. Nilikuwa nikisikia teno zangu, yaani hao wa sauti ya tatu, zikikaza shingo kwenye nyimbo za D na kulegea kwenye nyimbo za B flati, na kwa miaka nilidhani ni ugumu wa wimbo. Nikawafundisha kuifungua ile do badala ya kuisukuma, wafike F shapu wakiwa wameshabadilisha. Hilo peke yake lilibadilisha sauti ya kwaya kuliko mazoezi yoyote ya kupanda na kushuka niliyowahi kuwapa. Ningewaambia ni "do" tu, wasingejua kwa nini do hii ni ngumu na do ya jana ilikuwa rahisi.

Nikamweleza mzee habari ya G na A flati. Akawaita vijana wake, akawaambia, "Tutaipiga D ya kina mama." Wakaomba muda. Kila mmoja akaandika namba za vidole kwa penseli chini ya nota zake, na mazoezi ya kwanza yalikuwa ngazi ya D tu, polepole, jioni baada ya jioni. Sehemu za juu kabisa tulizishusha oktavu, yaani kutoka do mpaka do ya chini yake, maana bomba la B flati na midomo ya watu wanaofanya kazi nyingine mchana kutwa vina mipaka. Walipoingia Pasaka asubuhi, fidla zikiwa kwenye nyuzi zake na mabinti wakiwa na G waliyoizoea, kanisa lilisimama lenyewe.

Kuna jambo lingine linalonifanya nisiwe mkali kwa anayeshusha wimbo. D ya leo si D ya Handel. Kipimo cha A kuwa mitetemo 440 kwa sekunde kilikubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa London mwaka 1939. Kuna kijichuma cha kutolea sauti cha mwaka 1751 kinachohusishwa na Handel, na A yake ni 422.5. Ukipiga hesabu, D yao ilikuwa chini ya yetu kwa zaidi kidogo ya theluthi mbili za nusu hatua, yaani karibu zaidi na D flati yetu kuliko D. Sauti ya kwanza ya Dublin haikupanda tunapopanda sisi. Kwa hiyo kwaya inayoimba bila vyombo, na mabinti wake wanabanwa, ikishuka D flati haijamkosea mtu. Ikiwa na fidla, ibaki D, kwa sababu nyuzi wazi zitaondoka. Ikiwa na matarumbeta peke yake na sauti ya kwanza yenye nguvu, E flati inaeleweka. Ninachokataa ni kuchagua ufunguo kwa kitufe, bila kumtazama anayeimba na anayepiga.

Na F shapu. Kila mwalimu wa kwaya anajua kwaya isiyo na kinanda huanza D na kumaliza karibu na D flati, na lawama kwa kawaida huenda kwa sauti ya pili kwa sababu mi mara nyingi ni yao. Fidla ilinisaidia kuwatetea. Kwenye kinanda, F shapu imewekwa juu kidogo, karibu sehemu ya saba ya nusu hatua, kuliko ile inayolala sawasawa juu ya D na A. Ni gharama ya kufanya funguo zote zilingane. Masikio ya waimbaji yakiachwa huru yanaitafuta ile ya chini, kwa sababu hapo sauti tatu zinaungana na mtikisiko unaisha. Tatizo linakuja sauti ya kwanza inapopita kwenye mi hiyo kwenda juu na kurudi, do inaporudi imepungua kidogo, na kidogo hicho kikijirudia mara nyingi kwaya nzima inazama. Sasa kwenye mazoezi napiga D na A wazi kwa upinde mmoja, ndefu, nawaacha sauti ya pili waiweke F shapu yao juu yake mpaka itulie, kisha nawaambia sauti ya kwanza na besi wailinde do. Wanaotakiwa kukaza macho ni wenye do na so. Mwenye mi aachwe apumue.

Vijana wa matarumbeta wameshaniletea ombi jipya. Wanataka ule wimbo wa besi wa parapanda kutoka oratorio hiyohiyo, na safari hii wao wenyewe ndio walioniambia kwamba uko D. Sehemu ya tarumbeta inapanda mno kwa vyombo vyetu, kwa hiyo naiandika upya vipande vipande, nikizishusha nota ndefu na kuacha zile za mbio walizokwisha kuzizoea. Besi ndiyo bado natafuta. Anatakiwa mtu anayefika E ya juu bila kuukaza mwili, na ninaowasikia wawili wenye sauti hiyo wote wanaimba kwaya ya usharika jirani. Jumapili ijayo naenda kuzungumza na mwalimu wao.